Nyumba moja Mkomani, makundi mawili ya wageni: kisa cha baruapepe iliyouza tarehe mara mbili

Tarehe 28 Desemba, kabla ya adhuhuri, familia ya Waingereza watano ilishuka gatini Lamu ikitokea kiwanja cha ndege cha Manda. Nahodha aliwapokea, akawapandisha hadi nyumba waliyoikodi mtaa wa Mkomani, wakapewa madafu na funguo. Alasiri ya siku hiyo hiyo watu sita kutoka Nairobi, waliokuja kwa barabara na kuvuka kutoka Mokowe, walibisha hodi kwenye mlango ule ule. Mkononi walikuwa na uthibitisho wa maandishi wenye tarehe zile zile, 28 Desemba hadi 4 Januari, pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya awali. Nyumba hiyo hukodishwa yote kwa pamoja. Makundi yote mawili yalikuwa na haki.

Kundi la pili lilihamishiwa Shela, kwenye nyumba ya rafiki wa familia, kwa bei ya mwaka mpya ambayo kila mwenyeji anaijua. Tofauti aliilipa mwenye nyumba. Faida ya juma zima ikaishia hapo, nayo ndiyo iliyokuwa tegemeo la miezi ya masika, wakati nyumba nyingi za wageni hufunga milango.

Wenyewe wameniruhusu nieleze mambo yalivyokwenda, bila majina yao. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa pwani kupanga simu na kompyuta zao, na mkasa wa aina hii naukuta tena na tena: kwa wenye mashua za matembezi, kwa mafundi wa kuchonga milango wanaopokea oda kutoka ng'ambo, kwa wauza vitambaa. Mshitakiwa huwa mmoja kila mara, naye ni mtandao. Mtandao husumbua kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, Afrika Mashariki nzima ilihisi. Lakini katika kisa cha Mkomani mtandao umesingiziwa. Barua zote za wageni zilifika. Kilichokosekana ni mahali pamoja ambapo watu wa nyumba ile wangeweza kuziona zote, na majibu yake.

Watu watatu, anwani moja

Nyumba ni ya mama mmoja aliyeirithi kwa babake. Nitamwita Shangazi, kwa kuwa ndivyo aitwavyo na kijana anayeiendesha nyumba siku kwa siku. Kijana ni mtoto wa kakake, na huyo kaka ndiye nahodha, mwenye mashua inayowachukua wageni Manda, Takwa na Kipungani. Shangazi hukaa Mombasa kwa bintiye sehemu kubwa ya mwaka. Huko ana laptopu yake ya miaka mingi, na wageni wa Ulaya huwajibu kwa hiyo, kwa barua ndefu na za heshima. Kijana yuko Lamu na simujanja ya Android, na wageni wa humu nchini ni kazi yake. Nahodha ana simu pia, ila baruapepe haishughulikii. Yeye hupiga simu.

Anwani ya baruapepe ya biashara ni moja, imeandikwa kwenye kadi zao. Nenosiri ni moja, na wote wanalijua.

Julai, familia ya Uingereza iliandika kuiomba nyumba. Barua iliingia kwenye laptopu Mombasa na kwenye simu Lamu. Kijana aliiona, akamwachia Shangazi aijibu, maana ndiyo desturi yao. Shangazi akakubali, akatuma maelezo ya benki, akapokea malipo ya awali, akaandika kwenye daftari lake la jalada gumu.

Oktoba, kundi la Nairobi likauliza tarehe hizo hizo. Kijana akakumbuka kwamba kuna Waingereza waliowahi kuziulizia. Akafungua simu, akatafuta. Hakupata kitu, si barua yao wala jibu la Shangazi. Naomba msomaji apatazame hapa vizuri, kwa sababu ndipo penye kiini cha kisa chote. Kijana hakuzembea. Alikumbuka, akakagua, na alichokiona kilimwambia jambo linaloeleweka: barua iliyokuwapo haipo, basi Shangazi ameifuta, na Shangazi hafuti barua ya mgeni ila mgeni mwenyewe amejiondoa. Kutoweka kwa barua akakusoma kama uamuzi wa mkubwa wake. Akawathibitishia watu wa Nairobi, akapokea pesa kwa M-Pesa, akaandika kwenye ubao wa jikoni.

Je, angeweza kupiga simu Mombasa kuuliza? Angeweza. Lakini mtu huuliza akiwa na shaka, na yeye simu ilikuwa imemtoa shaka.

Upande wa Mombasa nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Ombi la kundi la Nairobi liliingia kwenye laptopu, Shangazi akaliona, akasema moyoni: hawa ni wa kijana, naye anajua tarehe hizo zimechukuliwa, atawajibu vizuri. Jibu alilolituma kijana hakuliona, wala halikuwa na njia ya kumfikia.

Kisha ikaja siku ambayo nusura kosa ligundulike. Mnamo tarehe 20 Desemba Waingereza waliandika kuuliza ni nani atakayewapokea Manda. Shangazi akajibu, halafu akampigia kakake: “Kaka, tarehe 28 kuna wageni, uwafuate Manda.” Kaka akamfikishia mwanawe. Kijana akasema, “Naam baba, nawajua, wanatoka Nairobi.” Nahodha hakuona la ajabu, kwa kuwa ndege za Manda nyingi hutoka Nairobi, na hata Mwingereza hushukia huko kwanza. Kwa hiyo watu watatu walizungumza juu ya tarehe moja, kila mmoja akasema kweli, na simu ya mdomo ikalitia muhuri kosa badala ya kulifichua.

Nilichokikuta kwenye seva

Nilipoitwa Januari, kijana alinikabidhi simu akisema barua za Shangazi “hazishuki” kwa sababu ya mtandao wa Lamu. Shangazi naye, kwa simu, akamwambia, “Mwanangu, barua ya kuuliza niliiona. Jibu lako ndilo halikuya kwangu.” Sentensi hiyo ya mama ilinifaa kuliko maelezo yote ya kiufundi niliyopewa siku ile, maana kama tatizo lingekuwa mtandao, barua zingechelewa bila kuchagua. Hapa zilikuwa zikichagua: maswali ya wageni yalifika pande zote mbili, majibu ya ndani ya familia hayakuvuka.

Mahali pa kuanzia katika mambo haya ni kuziweka simu na kompyuta kando, na kuingia kwenye seva yenyewe kupitia kivinjari. Seva ndiyo inayopokea barua kutoka duniani. Vifaa vyote vingine huiuliza yeye. Tulichokikuta ni hiki. Kikasha cha seva kilikuwa na barua za majuma mawili tu, na za kabla ya hapo hazikuwapo. Folda ya barua zilizotumwa ilikuwa na majibu ya kijana peke yake. Laptopu ya Mombasa, ambayo bintiye Shangazi alituonyesha kwa simu ya video, ilikuwa na barua zote zilizoingia kwa miaka, na majibu ya Shangazi peke yake.

Laptopu ilikuwa imeunganishwa kwa POP3. Simu ilikuwa imeunganishwa kwa IMAP. Hizo ni njia mbili tofauti za kifaa kuzipata barua kutoka kwenye seva. Ukishajua hivyo, kisa kimefunguka.

POP ya kwanza iliandikwa mwaka 1984, na maelezo ya toleo la tatu yanayofuatwa mpaka leo ni ya 1996. Enzi hizo mtu aliingia kwenye intaneti kwa laini ya simu ya mezani na kulipa kwa dakika. Busara ilikuwa kuunganisha, kuzoa barua zote, kukata, na kuzisoma baadaye bila gharama. Ni kama mtu mwenye ufunguo wa sanduku la posta anayerudi nyumbani na barua zote. Mwenye ufunguo wa pili akifika analikuta sanduku tupu. Baadaye watengenezaji wa programu waliongeza uwezekano wa kuacha nakala kwenye seva kwa muda. Matoleo ya miaka ya karibuni ya Outlook, kwa mfano, yakiunganishwa kwa POP huja yamepangwa kuiacha nakala kwa siku 14, kisha kuifuta. Huo ndio uliokuwa mpango wa laptopu ya Shangazi. Kila barua ilikaa kwenye seva majuma mawili, ikaonekana Lamu, kisha laptopu ikaifuta kimya kimya bila mtu yeyote kubonyeza kitu. Barua ya Julai ilikuwa imekwisha kutoweka kwenye simu ya kijana tangu Agosti.

POP pia huchukua kikasha peke yake. Folda ya zilizotumwa haiigusi. Majibu aliyoyaandika Shangazi yalibaki ndani ya laptopu Mombasa, na ya kijana, yaliyohifadhiwa kwenye seva, hayakushuka kwake kamwe. Mtu akitaka kubuni njia ya kuwafanya jamaa wawili wa biashara moja wasijue mwenzao amemjibu nini mgeni, asingepata iliyo bora zaidi.

Fundi aliyeipanga laptopu zamani hakuwa mjinga. Nafasi waliyokodi kwenye seva ilikuwa ndogo, kikasha kilijaa, barua za wageni zikaanza kurudishwa, naye akaona dawa ni laptopu kuondoa barua kuukuu. Siku zile kifaa kilikuwa kimoja, na mpango ulifaa. Ulianza kudhuru siku simu ilipoongezwa, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kuutazama upya. Naliona hili katika biashara nyingi: simu mpya huunganishwa kwa dakika tano, ikapokea barua, watu wakafurahi, na hakuna anayeuliza kifaa cha zamani kinazifanya nini barua hizo.

IMAP ina fikra tofauti. Mark Crispin aliibuni Stanford mwaka 1986 akitaka barua zibaki kwenye seva na mtu azisome kutoka kompyuta yoyote. Simu, laptopu na kivinjari huonyesha kitu kile kile: barua iliyosomwa Lamu inaonekana imesomwa Mombasa, jibu lililotumwa na mmoja linaonekana kwa wote, rasimu iliyoanzwa huku yaweza kumaliziwa kule. Hata kufuta hufuatana: barua ukiifuta kwenye simu umeifuta kila mahali, na jambo hilo lazima lielezwe kwa kila anayetumia anwani ya pamoja, hasa watu waliozoea kusafisha simu zao ili kupata nafasi.

Simu ndani ya kidaka

Simu ya kijana nayo ilikuwa na kasoro zake. Hazikuleta msiba wa Desemba, ila zilikuwa zikiandaa mwingine.

Ili kuokoa bando alikuwa amezima kusawazisha kwa otomatiki. Barua ziliingia pale tu alipoifungua programu kwa mkono. Ni tabia ya watu wengi, na naielewa, lakini hesabu yake haisimami. Barua ya maneno matupu ina uzito wa kilobaiti chache. Video moja iliyopokelewa WhatsApp yaweza kuzidi barua za maneno za mwezi mzima. Kinachokula bando katika baruapepe ni viambatisho, hasa picha za pasipoti zilizopigwa kwa kamera nzuri, na tena kiambatisho hunenepa njiani: baruapepe ilijengwa kwa ajili ya maandishi, kwa hiyo picha hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kutumwa, na uzito huongezeka kwa takriban theluthi moja. Picha ya megabaiti 6 husafiri kama 8. Dawa ni kuiambia programu ishushe viambatisho kwenye waifai pekee, na kuziacha barua zenyewe ziingie.

La pili ni betri. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyolala mezani bila kuchajiwa na bila kuguswa huingia usingizi mzito; programu nyingi hunyimwa mtandao, zikaruhusiwa kuamka mara moja moja tu. Ukiongeza kiokoa betri juu yake, barua ya saa nne usiku yaweza kukungoja mpaka alfajiri unapoishika simu. Mgeni wa London aliyeandika jioni ya kwao, na huku kwetu saa zimetangulia kwa mbili au tatu, hajui lolote kuhusu usingizi wa simu. Anachokiona ni kwamba nyumba nyingine imemjibu kwanza. Katika mipangilio kuna mahali pa kuitoa programu ya barua kwenye vizuizi vya betri, na kwa simu ya biashara hilo ni la lazima.

Wanaokumbuka BlackBerry watajua kwamba tatizo hili lilikwisha kutatuliwa mapema. Kampuni ya Research In Motion ya Waterloo, Kanada, ilitoa kifaa chake cha kwanza cha barua mwaka 1999, na nguvu yake ilikuwa hiyo moja: barua ilisukumwa hadi mfukoni bila mwenye kifaa kuiuliza. Ilihitaji seva maalumu za kampuni, na gharama yake haikuwa ya nyumba ya wageni ya vyumba vinne. IMAP ilipata namna yake mwaka 1997, iitwayo IDLE, ambapo simu huacha mlango wazi na seva huita barua mpya ikiingia. Lakini mlango ulioachwa wazi hula betri, na mitandao ya simu huufunga ukikaa kimya. Ndiyo maana programu ya barua ya iPhone haiitumii kwa akaunti za kawaida za IMAP. Huenda kuuliza kila baada ya muda ulioupanga, na mwenye iPhone aliyechagua kuuliza kwa mkono hana haki ya kuulaumu mnara.

La tatu ni nyumba yenyewe. Nyumba za mji wa kale, ambao UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, na vyumba vimepangana kutoka kiwanda, yaani ua wa nyumba, kuelekea ndani, kila ukuta nyuma ya mwingine. Ni ubaridi wa ajabu mchana wa Machi, lakini mawimbi ya simu huchoka kabla hayajafika. Kijana alikuwa akiichaji simu ya biashara katika kidaka, yaani kishubaka cha ukutani, cha chumba cha ndani kabisa, mahali pa salama tangu enzi za bibi zake. Juu ya paa mawimbi yalikuwa kamili. Tulikuta majibu mawili ya wageni yamekwama kwenye kisanduku cha kutoka: ameyaandika chini, amebonyeza tuma, ameiweka simu kidakani, naye akaamini yamekwenda. Sasa simu inachajiwa ghorofa ya juu karibu na ruta, na kijana amezoea kutazama folda ya zilizotumwa kabla ya kumwambia mtu kwamba amejibiwa. Hapo unahitajika mkono wa mtu, mipangilio haitoshi.

Matengenezo

Kabla ya kugusa chochote tulinakili barua zote za laptopu kwenye diski ya nje. Nalisisitiza hili kwa nguvu zangu zote. Laptopu ile ndiyo iliyokuwa na nakala ya pekee ya miaka ya biashara, na mtu anayefuta akaunti ya POP ili aweke ya IMAP bila kunakili anaweza kuzipoteza barua zote, asipate pa kuzidai. Baadaye tuliwahamishia kwenye huduma yenye nafasi kubwa, maana nafasi ndogo ndiyo iliyozaa mpango wa awali, na ukiiacha sababu, ugonjwa utarudi. Akaunti ya bure ya Gmail, kwa kipimo, ina gigabaiti 15 zinazogawanywa na picha na mafaili. Nyumba ndogo ya wageni itachukua miaka mingi kuzijaza kwa barua. Laptopu ikaunganishwa upya kwa IMAP, na folda za zamani zikavutwa pole pole kwenda kwenye seva, usiku, kwa siku kadhaa. Jioni ya kwanza Shangazi alipoona kwenye laptopu yake jibu ambalo kijana amelituma dakika hiyo kutoka Lamu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi hivi ndivyo inavyopaswa kuwa.”

Simu huweka ndani yake sehemu tu ya barua. Programu ya Gmail kwenye Android kwa kawaida husawazisha za siku 30, zilizobaki huzitafuta kwenye seva ukiwa na mtandao. Anayekwenda Kiwayu na wageni siku tatu, akihitaji mapatano ya miezi miwili iliyopita, na aongeze siku hizo kabla ya kung'oa nanga.

Nenosiri la pamoja liliondolewa. Kila mmoja sasa ana njia yake ya kuingia na uthibitishaji wa hatua mbili. Simu ikidondoka baharini au ikaibiwa, inafungiwa peke yake bila kuwasumbua wengine. Na kuna jambo linaloniogopesha zaidi ya wizi wa simu: mtu akilipata nenosiri la kikasha cha nyumba ya wageni, hana haja ya kuiba chochote humo. Husoma kimya, hungoja mgeni aulize pa kulipia, kisha humpelekea namba za akaunti yake mwenyewe.

Kalenda, na nani ashike kalamu

Yote hayo yangetosha kuwafanya waonane barua. Yasingetosha kuzuia tarehe kuuzwa mara mbili, na hapa natofautiana na wenzangu wanaouza suluhisho la IMAP kana kwamba limemaliza kazi. Barua ni mazungumzo. Nani atalala nyumbani tarehe 28 ni swali lenye jibu moja tu, na jibu hilo linataka mahali pake. Nyumba ile ilikuwa na mahali pawili: daftari la Mombasa na ubao wa jikoni Lamu. Kila kimoja kilikuwa sahihi kwa mwenyewe.

Tukafungua kalenda moja ya pamoja inayosawazishwa kwenye simu zote. Kanuni ni kwamba tarehe huandikwa kwanza, na mgeni huthibitishiwa baadaye, kamwe si kinyume chake. Ombi ambalo halijalipiwa huandikwa kwa rangi yake. Mwezi huandikwa kwa jina, kwa sababu Mmarekani akiandika 1/3 anamaanisha tarehe tatu Januari, na Mwingereza anamaanisha tarehe mosi Machi.

Bado kulikuwa na tundu. Kusawazisha hakuwazuii watu wawili wasio na mtandao kuandika wageni wawili kwenye tarehe moja. Simu zikiamka, kalenda itayapokea yote mawili bila kulalamika. Kalenda haijui kwamba nyumba ni moja. Kwa hiyo ni lazima mtu mmoja awe ndiye mwenye kuthibitisha. Nani?

Hapo mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya seva, na hayakuwa yangu kuyaamua. Nyumba ni ya Shangazi. Wageni wa Ulaya wanamjua kwa jina, wengine wamerudi mara kadhaa kwa ajili yake. Kijana hakuweza kumwambia shangazi yake kwamba tangu sasa aombe ruhusa ya kuikodisha nyumba ya babake, na hata akilini halikumpitia. Nahodha aliona afadhali wabaki na simu ya mdomo. Mwishowe Shangazi mwenyewe alisema: anayewafungulia wageni mlango ndiye aandike, maana aibu ya mlangoni ni yake. Yeye huendelea kuzungumza na wageni wake, huweka ombi kwa rangi ya kusubiri, na kijana akishaligeuza kuwa thabiti, ndipo anapowaandikia kwamba wamekaribishwa. Kwa heshima, kijana humpigia kila anapothibitisha wageni wa upande wake pia. “Shikamoo Shangazi, nimeandika watu wa Pasaka,” nimemsikia akisema, na mama anaitazama kalenda yake huku wakizungumza.

Nahodha hajaandika kitu na sidhani ataandika. Kalenda anaiona kwenye simu yake, na hiyo inatosha kwa kazi yake: jina la mgeni, idadi, na kama anashukia Manda au anavuka kutoka Mokowe. Kipengele hicho cha mwisho kiliongezwa kwa ombi lake.

Wanaoniuliza kwa nini wasitumie WhatsApp tu kwa yote nawajibu kwamba wanaitumia, na waendelee. Wageni wa Nairobi wengi wanaanzia huko. Namba moja ya biashara yaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe, na maongezi yake ni mepesi. Lakini mapatano yakishafikiwa huandikwa kwenye kalenda na muhtasari hutumwa kwa baruapepe, ili mgeni na nyumba wawe na karatasi moja ya kurejea.

Kazi moja haijamalizika. Zile barua za miaka mingi zilizohamishwa kutoka laptopu zina picha za pasipoti za mamia ya watu, na sasa ziko kwenye seva inayofunguka kwa simu yoyote ya familia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haimruhusu mfanyabiashara kukaa na taarifa za mtu baada ya haja yake kwisha, na zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kijana na binamu yake wa Mombasa wamegawana folda: kila usiku wanafungua barua za wageni waliokwishaondoka, wanahifadhi mapatano na risiti, wanaondoa pasipoti. Wameanza na miaka ya zamani zaidi.